Usikisome kitabu wiki ya filamu: sikiliza yaliyonikuta mimi niliyengoja mkate

Usifanye hivyo. Umeandika kwamba kitabu cha Sunrise on the Reaping, riwaya ya Suzanne Collins, unacho tayari kabatini, kwamba filamu yake imepangwa kutoka tarehe 20 Novemba 2026, na kwamba utaanza kukisoma siku tatu kabla ya kwenda ukumbini ili "kiwe kibichi kichwani". Umeuliza pia kama ni lazima kuanza na vile vitatu vya mwanzo vya mfululizo wa The Hunger Games. Hilo nitalifikia. Lakini nilipofika kwenye neno "kibichi" nilishindwa kuendelea kunywa chai, kwa sababu ndilo neno nililoambiwa mimi mwaka 2012, nikaliamini, na hasara yake naijua.

Mwaka huo ilitoka filamu ya The Hunger Games, iliyotokana na riwaya ya Collins ya mwaka 2008, kuhusu nchi ambako kila mwaka watoto wa wilaya mbalimbali huchaguliwa kwa kura, wakaingizwa uwanjani kuuana mbele ya kamera, na hiyo huitwa Michezo. Nilikuwa nimenunua tiketi mbili, yangu na ya mdogo wangu, kwa kuwa Jumamosi ile ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Jamaa mmoja wa ofisini, aliyekuwa akizungumzia sinema kana kwamba amemlea mwongozaji, akanishauri nisikiguse kitabu mpaka siku mbili za mwisho, nikisome kama mwanafunzi anavyopitia daftari usiku wa kuamkia mtihani. Mimi, mtu mzima mwenye mshahara na akili timamu, nikamsikiliza. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba mshauri wangu hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho, bali alikuwa ameona trela. Dakika mbili za trela ndizo zilizompa shahada ya kuharibu Jumamosi za watu. Sina kinyongo naye, ila nikimkuta anangoja lifti, mimi hupanda ngazi.

Nilianza Alhamisi baada ya chakula cha usiku. Ujue kwamba Collins, kabla ya kuandika riwaya, aliandikia vipindi vya televisheni vya watoto, na ufundi ule wa kumzuia mtazamaji asiondoke ameuhamishia kitabuni bila huruma: sura 27, sehemu tatu za sura tisa tisa, na karibu kila sura inakatika mahali ambapo mwenye roho ya kawaida hawezi kufunga kitabu. Ya kwanza inaishia pale jina linaposomwa jukwaani. Nani alale hapo? Umeme ulikatika kama saa sita, nikaendelea kwa tochi ya simu. Ijumaa nilikwenda kazini na macho mekundu, usiku nikarudia yale yale, na ukurasa wa mwisho niliufikia Jumamosi alfajiri adhana ikilia. Saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeketi ukumbini, bisi mkononi, kila sentensi ya kitabu ikiwa kichwani mwangu, mbichi kama nilivyoahidiwa.

Tatizo lilianza na paka. Kitabuni, paka wa Prim, mdogo wake Katniss, msichana anayesimulia kitabu, ana manyoya ya njano iliyofifia kama matope. Kwenye filamu akatokea paka mweusi na mweupe. Nikaguna. Kisha binti wa meya, ambaye kitabuni ndiye anayempa Katniss ile pini yenye ndege, hakutokea kabisa, na pini ikapatikana kwa bibi mmoja wa soko la magendo. Nikaguna tena, safari hii kwa maneno. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amesoma kitabu, akaniomba kwa upole ninyamaze. Nikajitahidi kunyamaza, lakini uso ulikuwa umechoka na haukuweza kuficha kitu, hivyo kila mtoto niliyemjua alipotokea nilikuwa nahema. Rue, binti mdogo aliyechaguliwa kutoka Wilaya ya 11, alipoonekana kwa mara ya kwanza nilijifuta machozi. Mdogo wangu akanigeukia gizani akasema, "Basi na huyu anakufa." Filamu ilikuwa bado haijawaingiza hata uwanjani. (Naam, sasa na wewe nimekwambia. Hiyo ndiyo tabia ninayoizungumzia.)

Hata hivyo, hayo yote ni madogo ukiyalinganisha na mkate.

Katika kitabu, Rue anapokufa, Katniss anampamba kwa maua, na baadaye inashuka parachuti ya rangi ya fedha yenye mkate kutoka Wilaya ya 11, nyumbani kwao Rue. Ni mkate wa unga mweusi, wenye umbo la mwezi mwandamo, umenyunyiziwa mbegu juu. Watu wenye njaa wamejinyima, na zawadi yao wamempa mtoto wa wilaya nyingine kwa sababu alimheshimu wa kwao. Niliposoma hapo, usiku wa manane, niliweka kitabu kifuani nikakaa nikiitazama dari. Kwa hiyo saa kumi na mbili za jioni ile, ilipofika sehemu ya maua, nilikaa wima na kuanza kuungoja mkate wangu.

Filamu haina mkate. Katniss anainua vidole vitatu kuelekea kamera, ishara ya heshima ya kwao, na picha inahamia Wilaya ya 11, ambako watu wamesimama wakimtazama kwenye skrini. Nao wanainua vidole, kisha mwanamume mmoja anawarukia askari na ghasia zinalipuka. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nakagua sehemu ya juu ya skrini kuona parachuti itaingilia upande gani, na ghasia zilipokwisha bila parachuti nikasema, kwa sauti ambayo safu tatu za mbele ziliisikia, "Na mkate wao uko wapi?" Mtu fulani akacheka. Mdogo wangu akachukua mkoba wake akahamia kiti cha mwisho wa mstari, na sehemu iliyobaki ya siku yake ya kuzaliwa akaitazama kutoka huko.

Nilikuja kuiona filamu ile tena baada ya miaka mitatu, kwenye kompyuta mpakato, maneno ya kitabu yakiwa yameshanitoka, na ndipo nilipoelewa kwamba zile ghasia ndizo mkate. Kitabu kinasimuliwa na Katniss mwenyewe, kwa wakati uliopo, hivyo hakiwezi kutuonyesha jambo lolote asiloliona yeye. Ili tujue Wilaya ya 11 imeguswa, lazima kitu kimfikie mkononi, na ndiyo maana ya mkate. Kamera haifungwi na macho yake, inaweza kwenda yenyewe hadi huko. Haymitch, mshauri wa Katniss anayemtumia zawadi kutoka nje ya uwanja, naye ni vivyo hivyo. Kitabuni, Katniss ana kiu karibu ya kufa na Haymitch hamtumii maji, mpaka anang'amua kwamba ukimya huo ndio ujumbe: maji yako karibu. Filamu haikuweza kupiga picha ya mtu anayetafsiri ukimya, ikaweka vikaratasi vya maneno ndani ya zawadi. Nilivitukana sana vile vikaratasi. Halafu nikaja kusoma majina ya walioandika mswada wa filamu, na mmoja wao, pamoja na mwongozaji Gary Ross, ni Suzanne Collins. Kwa dakika 142 nilikuwa nikimtetea mwandishi dhidi ya mwandishi mwenyewe, na nililipa tiketi mbili kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana nina sharti moja tu, na sitalilegeza: uache mwezi mzima kati ya ukurasa wa mwisho na tiketi. Usiache wiki wala siku kumi. Kitabu kilichomalizwa jana kinakaa kichwani kama orodha ya vitu vya dukani, nawe unaingia ukumbini na kalamu ya mkaguzi. Kikilala mwezi, paka anasahaulika, rangi za nguo zinasahaulika, na kinachobaki ni yale yaliyokugusa kweli, ambayo mara nyingi ndiyo hayo hayo waliotengeneza filamu walihangaika kuyaokoa. Catching Fire, kitabu cha pili, nilikimaliza mapema sana kabla filamu yake haijatoka Novemba 2013, na nilitazama mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo isipokuwa kwa bisi. Mdogo wangu alikubali kwenda nami, ingawa alichagua viti mwenyewe.

Kuhusu mpangilio: anza na vile vitatu vya mwanzo. Sunrise on the Reaping kinasimulia Michezo ya 50, ya Haymitch akiwa kijana, miaka 24 kabla ya ile ya Katniss, lakini kimeandikwa kwa mtu anayemjua Haymitch mlevi wa baadaye, na uchungu wake mwingi unatokana na kumjua. Kwa hiyo hesabu kutoka nyuma: filamu ni Novemba 20, ukurasa wa mwisho uwe umefungwa kabla ya Oktoba 20, na mbele ya hapo uweke nafasi ya vitabu vitatu ambavyo, nakuhakikishia, vitakula usiku wako kuliko unavyodhani. Kitoe hicho kitabu kabatini leo.

Mdogo wangu amekwisha kukisoma hicho kipya. Haymitch naye alizaliwa tarehe ile ile ya kuchaguliwa washiriki wa Michezo, na alipofika hapo alinitumia ujumbe mfupi kwamba hatimaye amepata mtu mwenye siku ya kuzaliwa mbaya kuliko yake ya mwaka 2012, ila kwa tofauti ndogo.