Maswali Yenu: Injini za Duara kwenye Ndege za Vita Kuu ya Pili

Mhariri, habari za kazi. Injini yenye silinda zilizozunguka krenki, yaani mhimili wake mkuu, ina uso mpana unaokinga upepo. Mbona Wamarekani na Wajapani waliing'ang'ania kwenye ndege zao za kivita? Haikuwapunguzia kasi?
*Mwalimu wa fizikia, Mpwapwa*

Njema, Mwalimu. Uso mpana ulikuwa hasara kweli, ila injini ya maji, yaani inayopozwa kwa maji, nayo haikuwa na uso mdogo kama watu wanavyodhani, maana rejeta lazima itokeze mahali ipate upepo. Na risasi moja ikitoboa rejeta au mpira wa maji, rubani ana dakika chache tu kabla injini haijakwama. Ya duara hupozwa na hewa kupitia mapezi, kama ya pikipiki, na zipo zilizorudi kambini silinda moja ikiwa imepasuliwa.

Kazi ngumu ilikuwa kuifunika kwa kifuniko chembamba bila kuichoma. Kwenye injini ya safu mbili, silinda za nyuma hupata hewa iliyokwisha kupashwa joto na za mbele. Kwa hiyo huwekwa vibati kati ya silinda, hewa isipite ovyo bali ilazimike kupita kwenye mapezi. Kibati kikilegea, silinda ya jirani yake ndiyo inayoungua. Wajerumani kwenye ndege yao Fw 190, yenye injini ya BMW 801 ya silinda 14, waliongeza feni ya mapanga 12 mbele ya injini, ikizunguka takriban mara tatu ya kasi ya pangaboi. Hata hivyo joto la safu ya nyuma liliwasumbua sana mwanzoni.

Kwa maoni yetu, ubishi wa upana umekuzwa mno. Kilichoamua zaidi ni hewa ya juu. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, na tayari injini isiyo na supachaja, kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini, imepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Mita 6,000 juu, uzito wa hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa pwani. BMW 801 ilianza kuchoka kwenye kimo hicho, ndiyo maana mwaka 1944 Fw 190 D-9 ikapewa Jumo 213, injini ya maji. Lakini P-47 ya Marekani ilikuwa ya duara vilevile, R-2800 ya silinda 18 na lita 46, na ilikimbia takriban kilomita 690 kwa saa kwenye mita 9,000. Siri yake ni tabochaja, nayo ya kushindilia hewa, iliyokaa nyuma ya rubani, ikiendeshwa na moshi wa ekzosi uliopelekwa huko kwa mabomba marefu. Gharama yake ni uzito: ikiwa imejazwa ilizidi tani 6.

Je, kuna ndege iliyobadilishiwa injini tukaona tofauti waziwazi?
*Mwanafunzi, Kondoa*

Zipo mbili nzuri. LaGG-3 ya Urusi ilikuwa na injini ya maji yenye nguvu ya takriban farasi 1,100, na marubani waliilalamikia kwa uzito. Mwaka 1942 ikafungwa M-82 ya duara, farasi 1,700, ikawa La-5. Injini mpya ilikuwa nzito kwa zaidi ya kilo 200 na pana kuliko bodi, ikabidi bodi iongezwe ngozi ya nje pembeni. Ikafaa sana, kwa kuwa mapigano mengi ya huko yalikuwa chini ya mita 5,000.

Ya pili ni Ki-61 ya Japani. Injini yake mpya ya maji ilikuwa ikiharibika krenki na beringi, na bodi 275 zikabaki bila injini. Zikafungwa injini ya duara ya Mitsubishi yenye kipenyo cha mita 1.22, wakati bodi ilikuwa na upana wa sentimita 84, na ndege hizo zikaitwa Ki-100. Bomba za ekzosi zikapangwa kwenye lile pengo ili upepo usivurugike. Kasi ilishuka kutoka kilomita 610 hadi 580 kwa saa, lakini Ki-100 ilikuwa nyepesi na iliwaka kila asubuhi. Fundi yeyote angechagua hiyo.

Kwenye video naona mafundi wakizungusha pangaboi kwa mkono kabla ya kuwasha. Wanatafuta nini?
*Fundi pikipiki, Kizota*

Oili, fundi. Injini ikilala, oili huchuruzika hadi silinda za chini, na kimiminika hakibanwi. Ukipiga stata, pistoni inagonga oili na konrodi, mkono unaoiunga na krenki, inapinda; inaweza kukatika siku nyingine angani.

Zima magneto inayotoa umeme wa plagi, kisha zungusha upande wake wa kawaida hadi krenki imalize mizunguko miwili. Kwa P-47, yenye gia ya 2 kwa 1 na mapanga manne, hayo ni mapanga manne kupita. Ikigoma, usilazimishe wala usirudishe nyuma, kwani oili itaingia kwenye bomba la hewa na kunyonywa tena ikiwaka. Fungua plagi za silinda za chini, imwage oili, zungusha tena, ndipo urudishe plagi.