Wayahudi katika serikali za kikomunisti: maswali ya wasomaji

Ndugu Mhariri, hapa Lubumbashi tuna sinagogi, na kila tukiipita mwenzangu anashika neno lake: mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalileta serikali ya Wayahudi. Tuhesabu namna gani? (Msomaji wa Kamalondo)

Kwanza, Wayahudi wa Lubumbashi walitoka hasa kisiwa cha Rhodes, kwa hiyo sinagogi hiyo muiache nje ya ubishi. Pili, hesabuni mambo matatu mbalimbali: baraza la mawaziri, chama, na raia. Katika baraza la kwanza la Lenin, Myahudi alikuwa mmoja tu, Trotsky, mambo ya nje. Katika chama, sensa ya 1922 iliwakuta kama 5 kwa mia. Kati ya raia wote, sensa ya 1926 iliwakuta chini ya 2 kwa mia. Walizidi kiasi chao, hilo tusilifiche. Lakini wanachama 95 katika kila mia hawakuwa Wayahudi. Mwenzako anahesabu majina ya kileleni (Zinoviev, Kamenev, Sverdlov) halafu anayageuza kuwa serikali nzima.

Sababu ya kuzidi ni ya kawaida. Chini ya mfalme walizuiwa kuishi nje ya majimbo ya magharibi na karibu hawakupewa kazi za serikali. Vikwazo hivyo viliondolewa mwaka 1917, kabla Lenin hajashika madaraka. Makarani wa zamani wakagoma, serikali mpya ikatafuta watu wa mijini waliojua kusoma. Tena majeshi yaliyopigana na Wakomunisti yalikuwa yakiua Wayahudi vijijini. Kijana angekwenda upande gani?

Wala hao wakubwa hawakuwasemea Wayahudi. Chama kilikuwa na kitengo chake cha Kiyahudi, Yevsektsia, toka 1918 hadi 1930, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupiga vita sinagogi na shule za Kiebrania.

Mhariri, kama sheria ya Urusi haikuwakataza Wayahudi kazi za serikali, mlango ulifungwaje baadaye? (Mwalimu wa historia, Kadutu, Bukavu)

Kwa karatasi, Mwalimu. Desemba 1932 ilikuja pasipoti ya ndani, yenye mstari wa asili ya mtu. Ninyi wa Kivu mnaijua karte ya Rwanda ya kabla ya 1994, kitambulisho kilichoandikwa kabila la mtu. Ni jambo la aina hiyo. Mwanzoni mtu alijitajia mwenyewe, ila toka 1938 waliangalia hati za wazazi. Wazazi wote wawili Wayahudi, mtoto ni Myahudi, hachagui. Wakiwa mchanganyiko, alichagua alipotimiza miaka 16.

Kwenye fomu ya kazi swali hilo lilikuwa la 5. Afisa wa wafanyakazi analisoma, anafunga faili, anasema nafasi imejaa. Hakuna alichoandika, basi utashtaki nini? Vyeo vikubwa vilikuwa na kizuizi cha pili: orodha ya nafasi ambazo mtu hakuzishika bila kibali cha kamati ya chama.

Mei 1939 Litvinov, Myahudi aliyeongoza mambo ya nje, aliondolewa. Tarehe 12 Agosti 1952 walipigwa risasi watu 13 wa kesi ya Kamati ya Kiyahudi ya Kupinga Ufashisti (serikali yenyewe iliiunda wakati wa vita), akiwemo Lozovsky, aliyekuwa naibu wa mambo ya nje. Hata hivyo Wayahudi wengine walibaki: Kaganovich alikuwa kileleni hadi 1957, na Dymshits alikuwa naibu waziri mkuu 1962 hadi 1985. Mmoja mmoja waliachwa, na ndio walioonyeshwa wageni.

Na nchi nyingine za kikomunisti, jirani za Urusi? (Goma)

Romania ilimtoa Ana Pauker, Myahudi aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, mwaka 1952. Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, mwaka huohuo, kesi ya Slánský, aliyekuwa katibu mkuu wa chama, ilikuwa na washtakiwa 14, Wayahudi 11. Walionyongwa nao 11. Wengi huyachanganya makundi hayo: kati ya walionyongwa, Wayahudi ni 8, na Wayahudi watatu waliobaki kati ya washtakiwa walipata kifungo cha maisha.

Poland ilifukuza kwa upole wa ofisi. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya Machi 1968 Wayahudi waliondolewa kazini, na kama 13,000 wakahama. Aliyetaka kutoka aliukana kwanza uraia, kisha akapewa hati ya safari iliyosema kwamba mwenye hati hii si raia wa Poland.