Jibu: Wati zimeshuka baada ya kuhamia Arusha, je, pumzi imeisha?

Mkuu, kwa ufupi umesema hivi: ukiwa Dar ulijipima kwenye baiskeli dakika 20 kwa nguvu zote, ukapata wastani wa wati 262 (wati ni nguvu unazotia kwenye pedali). Umehamia Arusha, ukajipima tena ukapata 246, na uzito ni ule ule, kilo 71. Wenzako wanakuambia umelegea.

Hujalegea. Umepanda kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku pumzi moja ina oksijeni kidogo kuliko ile uliyokuwa unavuta Barabara ya Bagamoyo. Asilimia 6 kwa mtu aliyetoka pwani juzi ni kawaida kabisa. Sehemu yake itarudi mwili ukizoea, ila usitegemee irudi yote. Fungua kumbukumbu mbili, ya pwani na ya huku, usizichanganye. Tena usishangae ukikuta kwenye tambarare spidi ni ile ile ingawa wati zimepungua, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na inakuzuia kidogo. Eddy Merckx, mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, aliifuata hewa hiyo hadi Mexico City mwaka 1972, akaweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja, kilometa 49.431.

Sasa namna ulivyopima. Unasema ulipasha misuli moto kidogo ukaingia moja kwa moja kwenye dakika 20. Kipimo hiki, kama walivyokieneza Hunter Allen na Andrew Coggan, waandishi wa kitabu cha mazoezi ya wati, kina dakika 5 za kukaza kwelikweli kabla ya hizo 20, ili zile nguvu za muda mfupi zipungue kwanza. Ndipo unachukua asilimia 95 ya wastani na kuiita FTP, yaani nguvu za kizingiti, wati unazoweza kuhimili kwa takriban saa moja. Wengi wanaruka hizo dakika 5 kwa sababu zinauma, halafu wanatembea na FTP iliyovimba. Hao wanaokutajia 300 waulize kwanza walipimaje.

Na pawamita, vile vifaa vya kupima wati kwenye baiskeli, nazo si za kuapia. Hata iliyo nzuri ina kosa la asilimia 1 au 2, kwa hiyo ukitoka 250 kwenda 253 usifanye sherehe. Joto nalo linazivuruga. Ukitoka Monduli asubuhi na baridi yake ukafika Makuyuni jua limewaka, simama, irudishe kwenye sifuri bila kukanyaga pedali, kisha endelea.

Kuhusu kugawanya wati kwa kilo, mfano ninaoupenda ni mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, kule Kikuyu. Mwaka 2007 alipimwa Uswisi akiwa na kilo 75.6, na nguvu zake za kizingiti zilikuwa wati 420. Mwaka 2015, akiwa ameshachukua Tour de France mara mbili, akapimwa tena London: wati 419, kilo 69.9. Injini ni ile ile! Kilichobadilika ni mzigo, kutoka wati 5.6 kwa kilo hadi karibu 6. Lakini usikimbilie kujinyima chakula kwa sababu ya habari hii. Nimeona vijana wakipunguza kilo na wati zikaondoka nazo, wakabaki na uwiano ule ule na mafua yasiyoisha.

Ila nikuambie, mimi FTP siitazami sana siku hizi. Mashindano yetu ya barabarani huamuliwa baada ya saa tatu, nne, na hakuna anayekuuliza ulikuwa na wati ngapi ukiwa umelala vizuri na kunywa chai. Kwenye kundi letu kuna jamaa ambaye kwa FTP yuko katikati tu. Dakika 10 akiwa mbichi, namzidi. Tukishapiga kazi ya kilojuli 1,700 hivi (kilojuli ni jumla ya nishati uliyotia kwenye pedali), yeye anapoteza wati chache mno, sisi wengine tunapoteza asilimia 10 na zaidi, na hapo ndipo anapotuacha mlimani.

Hilo linapimika. Siku moja panda mlima wako dakika 10 kwa nguvu zote ukiwa umepumzika. Wiki nyingine endesha kwanza kama saa mbili na nusu kwa wati 190, ambazo ni kama hizo kilojuli 1,700, kisha panda mlima huo huo dakika 10. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo itakayokuambia kama unahitaji mazoezi makali zaidi au safari ndefu zaidi. Kula vilevile kila unapopima, kama ni ndizi na tende ziwe hizo hizo, la sivyo utakuwa unapima tumbo.

Kwa wasomaji wasio na pawamita: mlima mkali na saa vinatosha. Chukua uzito wako pamoja na baiskeli na maji, zidisha kwa 9.81, zidisha kwa mita ulizopanda kwenda juu, gawanya kwa sekunde. Mtu mwenye kilo 73 zote pamoja, akipanda mita 300 kwa dakika 15, ametoa karibu wati 239 kuushinda mlima peke yake. Upepo na msuguano wa matairi vinaongeza kadhaa juu yake. Chagua siku isiyo na upepo. Ule ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu unafaa sana, ila nenda alfajiri kabla magari ya watalii hayajaanza kupandisha.

Mkuu, ukishapata zile namba mbili za dakika 10 ziweke hapa pamoja na uzito wa siku hiyo, tuziangalie.