Barua kwa mwanangu: kabla hujamjibu mhakiki

Mama yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama umjibu mhakiki aliyeandika kwamba wahusika wa riwaya yako hawana damu, na kwa nini wahakiki wanawachukia watunzi. Swali hili nimelala nalo siku tatu.

Hawawachukii, mama. Kwetu sisi mtunzi na mhakiki mara nyingi ni mtu mmoja. Mtazame Euphrase Kezilahabi, mwandishi wetu wa Tanzania. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni; sisi tuliisoma bwenini ikiwa imevikwa gazeti, kila mtu usiku mmoja, asubuhi unampa mwenzako. Kufikia 1975 alikuwa na riwaya tatu. Mwaka 1976 huyohuyo akaandika tasnifu ya uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya riwaya za Shaaban Robert, mzee aliyefariki miaka 14 nyuma na ambaye hakuweza tena kujitetea.

Kezilahabi naye hakusalimika. Diwani yake Kichomi ilipotoka mwaka 1974 bila vina wala mizani, washika kanuni walisema hayo si mashairi. Mwaka 1988 akatoa Karibu Ndani, na vina hamna. Jibu hilo nalipenda kuliko makala yoyote ya kujitetea.

Mimi nina deni kwa wahakiki. Nagona, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1990, niliifunga baada ya kurasa kumi na tano. Nilizoea riwaya yenye mtu, kijiji na kisa, nikaona huyu bwana anatuchezea. Niliirudia kwa sababu ya makala ya mhakiki mmoja, aliyenionyesha kuwa nilikuwa natafuta njia mahali ambapo mwandishi alikusudia nipotee. Bila yeye kile kitabu kingeliwa na mchwa rafuni kwangu.

Kinachoniuma ni uhakiki wa darasani, na mimi nilishiriki. Miaka yote ile niliandika ubaoni: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari. Wanafunzi wakanakili. Wapo waliofaulu mtihani kwa kusoma mwongozo tu, riwaya yenyewe hawakuifungua. Mtunzi aliyehangaika miaka mitano na kitabu, akikikuta kimekatwakatwa hivyo, ana haki ya kuumia.

Sasa huyu wako. Nimeisoma makala yake mara mbili, kalamu ya risasi mkononi, na riwaya yako kando. Anapolalamika kwamba uliandika mapenzi badala ya siasa, mwache. Alitaka kitabu kingine, akakiandike. Lakini ametaja ukurasa wa 94, nami nimeufungua. Yule mama muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, anamwambia mteja, "Mfumo huu kandamizi umetufikisha hapa." Mama, hiyo ni sauti yako. Muuza dagaa ana hasira kuliko wewe, ila hasira yake inatoka kwenye bei ya gunia na mvua iliyomloweshea mzigo usiku. Hapo mhakiki amekushika, na amekushika kwa sababu amesoma. Wangapi wamekusifu mtandaoni bila kufika ukurasa wa 94?

Kwa hiyo usimjibu. Najua inauma, niliposoma ile sentensi ya "hawana damu" nami nilitetemeka, maana nilikuona ukiandika usiku, mtoto mgongoni.

Nakala yangu naituma kwa basi la kesho, nimepiga mstari kwa risasi kila mahali uliposema wewe badala ya mhusika. Ni sehemu saba. Likizo ukija, tutakwenda Mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi inashusha, tukae pale kwenye vichanja tusikilize. Usije na daftari. Wakiona daftari wanaanza kusema Kiswahili cha redioni.

Baba yako