Swali la lugha: Nani analala salama hapo?

Swali: "Ninaishi Ng'ambo, Tabora. Kwenye kibanda cha kubeti hapa mtaani wanaonyesha mbio za farasi za kompyuta. Jamaa anayetutangazia, farasi wakishakata kona ya mwisho, anapiga kelele: 'Sasa wameingia lala salama!' Mwingine anadai Kiswahili sanifu ni 'mnyoosho wa nyumbani'. Nani yuko sahihi? Na sehemu nyingine za uwanja ule tuziiteje?"

Jibu: Hakuna aliye sahihi, ndugu yangu. "Mnyoosho wa nyumbani" hauhitaji hata kesi. Nyumbani kwa nani? Pale Churchill Downs, Louisville, Marekani, mabanda ya farasi yako upande wa pili kabisa wa uwanja. Farasi akiingia kipande cha mwisho mbele ya jukwaa, ndipo kwao kulipo mbali.

Linaloninyima raha ni hilo la "lala salama". Ligi ikibakiza mechi chache, lala salama. Kampeni zikibakiza siku tatu, lala salama. Michango ya harusi ikikaribia kufungwa, mwenyekiti wa kamati anatuma ujumbe saa sita usiku kwamba tupo lala salama, na ndio usiku ambao wajumbe hawapati hata lepe la usingizi. Maneno hayo ni ya kumuaga mtu anayekwenda kujifunika shuka. Sasa yanapachikwa pale ambapo kila mtu anatoa roho!

Chukua Kentucky Derby ya 1973, hapo hapo Churchill Downs. Mbio zile ni za maili moja na robo, kama kilomita 2 hivi. Farasi aitwaye Secretariat alianza akiwa nyuma, kisha akaikimbia kila robo maili kwa kasi kuliko iliyotangulia. Yaani robo ya kwanza ndiyo aliyokwenda taratibu, na ya mwisho ndiyo aliyotimka kuliko zote. Kipande kilichonyooka cha kumalizia pale kina mita 376 hivi, na alikipita huku Sham, aliyeshika nafasi ya pili, akihangaika kumfukuza. Muda wake wa dakika 1 na sekunde 59.4 bado ni rekodi ya mbio hizo. Sasa mtangazaji wako aniambie, kati ya Secretariat, Sham na wale waliowapanda mgongoni, nani alikuwa analala, tena kwa usalama gani?

Kwenye ligi nimeshasalimu amri. Watangazaji ni wengi na mimi ni mmoja. Kwenye farasi siachii. Semeni "kipande cha mwisho" au "mnyoosho wa mwisho", kila mtu ataelewa.

Hayo mengine hayana ugomvi. Njia yenyewe ina umbo la yai: ya Churchill Downs, ile ya udongo, ina mzunguko wa maili moja, na ndani yake kuna njia ya nyasi iliyo fupi zaidi. Marekani wanazunguka kwa kushoto. Uingereza inategemea uwanja, maana Epsom ni kushoto na Ascot ni kulia. Wanapoanzia ni "geti", neno la Kiingereza tulilokwisha kulioa. "Kona" vilevile. Wanapomalizia pana nguzo, kwa hiyo mtangazaji asiseme farasi "amekata utepe". Utepe ni wa waziri na daraja jipya. Na ule mnyoosho ulio mkabala na jukwaa, upande wa pili, nashangaa unaniuliza mimi wakati mtaa wako unaitwa hivyo hivyo. Ni "ng'ambo": "Farasi wako ng'ambo, wanakaribia kona."

"Farasi" tumelitoa kwa Waarabu, na ni mnyama, kwa hiyo ameshinda, hajawahi "imeshinda". Hilo nitalishughulikia siku presha ikishuka.