Maswali na Majibu: Mwili Una Mambo Yake

Barua nyingi za safari hii zinauliza yale mambo ambayo mtu huona haya kumpelekea daktari, kwa kuwa hayaumi wala hayawashi. Nimechagua machache.

Mama ananikataza kuvunjavunja vidole. Anasema uzeeni nitapata baridi yabisi. Ni kweli?

Si kweli, ila mwambie taratibu. Mlio ule hautoki kwenye mfupa. Kiungo cha kidole kimezungushiwa mfuko wenye ute wa kulainisha, na ndani ya ute huo kuna gesi iliyoyeyuka. Ukikivuta kidole, nafasi ya ndani inapanuka, mgandamizo unashuka ghafla na gesi inajitokeza kama kiputo. Huchukua kama dakika 20 gesi kurudi ndani ya ute, ndiyo maana kidole kilekile hakikubali kulia mara mbili mfululizo.

Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alikatazwa hivyohivyo na mama yake na mashangazi. Akaamua kuvunja vidole vya mkono wa kushoto tu, kila siku, wa kulia akauacha. Mwaka 1998, baada ya miaka 50, aliandika kwamba mikono yote miwili haina baridi yabisi. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, lakini hata tafiti zilizolinganisha watu wengi hazikuona uhusiano. Kiungo kinacholia huku kinauma au kimevimba ni habari nyingine; hicho kionwe na daktari.

Nikifua nguo kwa muda mrefu vidole vinakunjamana kama vya kizee. Je, ngozi inafyonza maji?

Hivyo ndivyo wengi tulivyofundishwa, na jibu hilo lina tundu. Ngozi ya nje hulowana, sawa. Lakini mbona kiwiko hakikunjamani, hata ukikiloweka kutwa? Ni viganja na nyayo tu, hasa ncha za vidole.

Miaka ya 1930 madaktari waligundua jambo la ajabu: mtu ambaye neva ya vidole vyake imekatika, vidole hivyo havikunjamani hata vikikaa majini. Kwa hiyo ni amri inayotoka kwenye mfumo wa neva. Vidole vikishalowa kwa dakika tano hivi katika maji ya uvuguvugu, neva huiamuru mishipa midogo ya damu ijibane. Nyama ya ndani inapungua ujazo, na ngozi ya juu, ambayo haikupungua, inabaki na ziada ya kukunja. Itazame ncha ya kidole siku hiyo: imepauka, kwa sababu damu imepungua. Madaktari huitumia dalili hii kupima neva za mkono, hasa kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza kama anahisi mguso au la.

Kwa faida gani? Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu kazi ya kuhamisha vitu vidogo vilivyolowa. Waliokunjamana vidole waliifanya haraka zaidi, kana kwamba mikunjo inapitisha maji pembeni mfano wa kashata za tairi. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani walirudia jaribio la aina hiyo wasione tofauti. Ubishi unaendelea, na mimi bado naegemea upande wa tairi.

Eti kucha na nywele za maiti huendelea kuota?

Hazioti. Kuota kunataka sukari na oksijeni, na damu imeshasimama. Kinachotokea ni ngozi kukauka na kurudi nyuma, basi kucha zinaonekana ndefu na ndevu zinajitokeza.

Shikamoo. Kila wakati tundu moja la pua yangu limeziba, mara la kulia, mara la kushoto. Nina ugonjwa gani?

Marahaba. Huna ugonjwa. Ndani ya kila tundu kuna nyama laini zilizojaa mishipa ya damu. Za upande mmoja huvimba kidogo huku za upande wa pili zikinywea, kisha baada ya saa chache hubadilishana zamu. Watu wengi wanayo zamu hii wasijue, mpaka mafua yaje ndipo tundu lililovimba linaziba kabisa. Ukilala ubavu, tundu la chini ndilo huziba. Geuka upande wa pili, subiri kidogo, utaona linafunguka.

Ungeniambia ni tundu lilelile siku zote, tena linatoa damu, ningekuambia nenda ukapimwe.

Tunapiga miayo kwa kukosa hewa?

Mwaka 1987 Robert Provine na wenzake huko Marekani waliwavutisha watu oksijeni tupu, kisha hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi. Miayo haikupungua wala kuongezeka. Tena mtoto hupiga miayo akiwa tumboni mwa mama, ambako mapafu yake hayajaanza kuvuta hewa. Kuambukizana ndiko kweli kabisa: hata kusoma habari za miayo kunatosha, na nadhani baadhi yenu mmeshapiga mmoja.

Nikikaa vibaya mguu unakufa ganzi. Damu imekwama?

Mhusika mkuu ni neva iliyobanwa, ikashindwa kupeleka habari. Ukinyoosha mguu, neva inaanza kurusha ishara ovyoovyo, na hizo ndizo zile sindano unazozisikia. Zikiisha ndani ya dakika chache, endelea na shughuli zako.

Lakini ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili bila kukalia kitu, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hiyo ni dalili ya kiharusi. Usisubiri ipite, wala usijilaze kwanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufanya kazi vizuri ikitolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya kuitoa lazima kichwa kipigwe picha. Kwa hiyo kariri saa dalili zilipoanza. Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa hospitali.