Jeli tupu na methili kila mahali baada ya bisulfaiti

Ndugu wa Kisumu, umesema sampuli nyingi za damu hazikutoa mstari kwenye jeli (dalili kwamba DNA imekuzwa) baada ya bisulfaiti, kemikali ya kutambua alama za methili kwenye DNA, na zile mbili zilizotoa zinaonyesha sitosini (herufi C ya DNA) zote zina methili. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Hilo la pili ndilo la kuogopa zaidi, maana linafanana na matokeo mazuri. Bisulfaiti hugeuza sitosini isiyo na methili kuwa yurasili, ambayo husomeka kama T, lakini huifikia tu pale nyuzi mbili za DNA zimeachana. Protini zikibaki kwenye sampuli, au umeme ukikatika na mashine ya PCR (inayopasha na kupoza sampuli ili kunakili DNA) ikapoa katikati ya kazi, nyuzi hurudiana na sitosini hubaki zilivyo. Kagua sitosini zisizofuatwa na G, ambazo kwa kawaida hazina methili: kwenye damu, asilimia 99 au zaidi ziwe zimesomeka T. Zikipungua hapo, tupa matokeo hayo, usijaribu kuyarekebisha kwa hesabu. Na tafadhali, mashine hiyo iwe kwenye betri ya akiba.

Kuhusu mstari: DNA iliyopita bisulfaiti huwa imekatikakatika. Anza na nanogramu 200 hadi 500, kipande unachokuza kisizidi jozi 300 za herufi, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) ziwe na herufi 25 hadi 30 na zisikalie mahali C inapofuatwa na G, mizunguko ya PCR iwe 40. Vimeng'enya vinavyosahihisha makosa, kama Pfu, hukwama vikikuta yurasili. Tumia kimeng'enya cha Taq kinachoamshwa kwa joto. Hatua ya hidroksidi ya sodiamu baada ya bisulfaiti ni dakika 15 hadi 20, basi. Ikizidi, DNA huendelea kusagika.